Karatasi ya maswali matano, na bibi aliyejibu "Alhamdulillah"

Nina duka la steshenari Barabara ya 13, Ngamiani, hapa Tanga. Natoa kopi, nachapa, nafanya laminesheni, nauza madaftari na kalamu, na kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka duka hugeuka kijiwe. Wanakuja na vyeti vya kuzaliwa vya kuhakikiwa RITA, ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, wanakuja na fomu za Bodi ya Mikopo zinazotaka muhuri wa serikali ya mtaa, na wanakuja kuomba chuo. Mimi nakaa kwenye kompyuta, kijana anakaa kwenye benchi pembeni yangu, na mara nyingi mzazi kasimama nyuma yake. Mwaka wa 11 huu. Nimeziona nyuso nyingi wakati kozi ya kwanza inaandikwa.

Likizo hii mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mwanangu, alirudi kutoka Dar anakosomea saikolojia. Alikuja na kazi ya utafiti: yale anayoyathamini mwanafunzi yanahusianaje na furaha yake, na je, uhusiano huo ni uleule kwa watu wa tamaduni mbalimbali. Akaniambia, "Mamdogo, wewe unawasikia vijana kila siku. Nisaidie maswali yangu yawe Kiswahili cha kwetu." Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilituchukua wiki mbili, na mimi sijawahi kukaa na jambo likanigusa namna ile.

Neno la kwanza kabisa lilitusumbua. Karatasi yake ilisema "maadili binafsi." Tukatoa kopi 20, tukawapa vijana waliokuwa wakisubiri zamu. Wa kwanza akaandika: kuvaa nguo za heshima. Wa pili: kutotumia dawa za kulevya. Wa tatu: kuwahi namba. Wote walijibu kama vile mwalimu wa nidhamu kawasimamia kichwani, maana neno maadili, katika shule zetu, limekaa na fimbo muda mrefu. Tukajaribu "thamani," binti mmoja akauliza, "Thamani ya nini, dada, ya ada?" "Tunu" ni neno zuri, ila linanukia hotuba. Ni bibi yangu, ambaye wala hakuwa akitusikiliza, aliyesema kutoka barazani, "Si muwaulize tu wameshikilia nini?"

Tukaandika hivyo: mambo unayoyashikilia. Siku ileile majibu yakawa mengine. Mmoja aliandika, "Mdogo wangu asome." Mwingine, "Nisiombe mtu hela." Mwingine, "Swala zangu tano." Yupo aliyeandika, "Nitoke Tanga nione dunia, hata mara moja." Nikazisoma zile karatasi baada ya kufunga duka na nikahisi nimewajua watoto hawa kwa mara ya kwanza, wakati baadhi yao nimewachapia barua tangu kidato cha kwanza.

Mwanangu alichukua kifuniko cha chupa ya chai, akakiweka juu ya kopi iliyoharibika, akachora duara. Akanieleza kuwa mwaka 1992 Shalom Schwartz, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alipendekeza kuwa mambo wanadamu wanayoyashikilia, popote walipo, yanaangukia katika mafungu 10. Akayaandika kuzunguka duara: kujiamulia, kutafuta msisimko, starehe, mafanikio, mamlaka, usalama, kufuata taratibu, mapokeo ya wazee, wema kwa walio karibu nawe, na kuwajali watu wote pamoja na dunia yenyewe. Yanayokaa jirani kwenye duara yanasaidiana. Yanayotazamana yanavutana: kijana anayeshikilia sana kujiamulia atapata shida kushikilia kwa nguvu ileile kufuata taratibu. Bibi alipoelezwa alitikisa kichwa. "Shuka fupi hilo. Ukijifunika kichwa, miguu nje."

Kipande cha pili kilikuwa furaha yenyewe, na hapa Kiswahili kinataka uangalifu. Furaha kwetu ni kitu kinachokuja na kuondoka: Idi, harusi, matokeo mazuri. Raha ni ya mwili na ya nafsi, ni kukaa ufukweni Raskazone jioni upepo unavuma na hudaiwi na mtu. Hilo silo walilokuwa wanalitafuta watafiti. Karatasi anayoitumia mwanangu ilitengenezwa na Ed Diener na wenzake mwaka 1985, ina sentensi tano tu, na kila moja unaipa namba kuanzia 1 hadi 7 kadiri unavyokubaliana nayo, kwa hiyo jumla huanzia 5 na kuishia 35. Inapima jinsi mtu anavyoyahukumu maisha yake akiyatazama yote kwa pamoja. Neno la karibu tulilonalo ni kuridhika.

Lakini nenda kamwambie kijana wa miaka 19 hapa mjini kwamba ameridhika. Atakuona umemtukana. Kijana mmoja mchangamfu, ambaye akiingia dukani hata fundi cherehani wa jirani hucheka, alijipa 2 kwenye sentensi hiyo. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Dada, nikisema nimeridhika si ndiyo nimekubali kubaki hapahapa?" Namba yake ilikuwa ndogo, moyo wake ulikuwa mkubwa. Kwake yeye 2 ilikuwa nadhiri.

Nataka niwasimulie ya bibi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Bibi alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya kupikia mihogo, nazi iliyokunwa inaangukia kwenye sufuria, na mwanangu kakaa kwenye mkeka na kalamu. Bibi si mwanafunzi, hakuwa katika utafiti. Mwanangu alitaka tu kusikia sentensi zinavyosikika kwa mtu mzima.

"Bibi, nisomee moyo wako. 'Nimeridhika na maisha yangu.'"

"Alhamdulillah."

"Ni namba ngapi, kuanzia moja hadi saba?"

"Alhamdulillah ina namba?"

Mwanangu akaniangalia. Nikamwambia aendelee. Akasoma nyingine, inayosema kwamba mpaka sasa mtu ameyapata mambo muhimu aliyoyataka. Bibi akauliza, na hakuwa anatania, "Niliyoyataka mimi, au tuliyoyataka?" Mwanangu akasema, wewe bibi, wewe peke yako. Bibi akakuna nazi kidogo. "Mama yako kasoma. Mamdogo wako ana duka. Babu yenu kafa mikononi mwangu, hakufa hospitali ya ugenini. Andika hayo."

Sentensi ya mwisho inasema kuwa kama mtu angeishi tena maisha yake, asingebadilisha karibu kitu chochote. Bibi aliacha kukuna. "Hilo usiniulize, mjukuu wangu. Ni kama kumsahihisha Mungu."

Mwanangu akafunga karatasi kwa adabu, akamshukuru. Bibi akageuza kifuu mkononi, akakitazama ndani kana kwamba bado kina nyama, na kilikuwa kimeisha. Kisha akasema polepole, "Ningesoma. Walinitoa darasa la nne. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniombea." Akachukua kifuu kingine akaendelea.

Nimeishi na bibi miaka yote, sikuwahi kulisikia hilo. Na sasa nikiulizwa bibi yangu ana furaha kiasi gani, sijui nijibu namba ipi, lakini najua mambo mawili ambayo yote ni kweli: kwamba Alhamdulillah yake haina hila, na kwamba kuna mwalimu aliyekuja mara mbili.

Mwanangu alinieleza kwamba watafiti wenyewe walikwishakutana na "mimi au sisi" ya bibi. Mwaka 1995 Ed Diener na Marissa Diener walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa vyuo zaidi ya 13,000 kutoka nchi 31. Kujikubali mwenyewe kulikwenda pamoja na kuridhika na maisha, lakini kamba hiyo ilikazwa zaidi katika nchi ambako mtu hujihesabu peke yake. Kwingine ilikuwa imelegea. Mwanafunzi wa namna hiyo anaweza kujikubali vizuri kabisa na bado asiridhike, kwa sababu nyumbani hakuko sawa. Sihitaji kuambiwa. Nimemwona binti aliyepata daraja la kwanza analia kwenye benchi langu, matokeo mkononi, kwa sababu pacha wake hakufaulu.

Nirudi nyuma kidogo, kwa yangu.

Mwaka 2005 nilikwenda Dar kusoma uhasibu. Kozi ilichaguliwa na baba, na sikupinga, hesabu nilikuwa naziweza. Tulipanga chumba Sinza wasichana wanne. Sikuwahi kupata sapu, yaani mtihani wa kurudia, hata moja. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilipochelewa baba alituma. Hakukuwa na jambo ambalo ningeweza kulitaja mtu akasema, pole, kweli una shida. Lakini kila Jumamosi nilipanda daladala kwenda stendi ya Ubungo kutazama mabasi ya Tanga yanavyopakia. Sikuwa nasafiri. Nilisimama karibu na wauza maji, nikasikiliza watu wanavyoongea kwa lafudhi ya nyumbani, basi likiondoka narudi Sinza.

Kuna usiku mmoja siusahau. Kesho yake tulikuwa na mtihani wa uhasibu wa gharama. Mimi nilikuwa nimekaa na wenzangu wawili tangu saa kumi jioni nawaelekeza, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, ukijua unamwambia mwenzio. Saa nne usiku nikagundua kuwa mmoja wao alikuwa na mtihani wa mwaka uliopita kwenye begi lake muda wote, na mwingine anajua. Nilipouliza walinieleza kwa upole tu, bila ubaya, kwamba darasa lile ni mashindano na kila mtu ana silaha yake. Na walikuwa wanasema kweli. Ndivyo darasa lilivyokuwa: maongezi ya nani ataajiriwa kampuni gani, nani atanunua gari la kwanza, nani ataongoza. Mtoto wa ami yangu alikuwa darasa hilohilo na alichanua kama mgomba karibu na bomba. Alikuwa anaamka na hamu. Hakuwa mtu mbaya, wala si mbaya leo, ni ndugu yangu na ninampenda. Alishikilia kupanda juu, na pale palikuwa mahali pa kupanda. Mimi nilishikilia kitu ambacho pale hakikuwa na pa kukaa.

Mwisho wa mwaka wa pili nilirudi Tanga sikwenda tena. Mtaani wakasema nimedisko, yaani nimefeli nikaondolewa chuo. Baba alikaa wiki sita bila kunisemesha. Bibi alinipikia uji wa mchele, hakuuliza kitu.

Kwa hiyo mwanangu aliponisimulia uchunguzi wa Lilach Sagiv na huyo Schwartz, uliochapishwa mwaka 2000, niliacha laminesheni inaungua. Walichukua wanafunzi 82, wa biashara na wa saikolojia, wakaangalia anachoshikilia kila mmoja na hali yake ya ndani. Waliokuwa na hali njema zaidi ni wale ambao mambo yao ya moyoni yalifanana na yanayothaminiwa pale wanaposomea. Mamlaka na uwezo vilimfaa aliyekaa katika biashara. Wema kwa wenzako ulimfaa aliyekaa katika saikolojia. Watu 82 si wengi, mwanangu mwenyewe alinionya nisiubebe uchunguzi huo kuliko unavyobebeka. Lakini nilikaa chini. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba nilikuwa dhaifu.

Watafiti haohao waliwauliza pia wanafunzi na watu wazima wa Israeli, Ujerumani ya Mashariki na Ujerumani ya Magharibi. Wale walioshikilia kujiamulia, msisimko na mafanikio walionekana wenye nafsi nyepesi zaidi siku kwa siku, na walioshikilia mapokeo walielekea kidogo kinyume chake. Hilo lilinichoma, sitaficha. Kisha mwanangu akanionyesha kwamba kwenye kuridhika na maisha yote kwa jumla uhusiano huo haukuonekana. Wepesi wa leo ni jambo moja. Ukiulizwa uyatazame maisha yako yote, unapima kwa mizani nyingine, na mapokeo hayakukosesha hapo.

Mwezi wa nane alikuja dukani kijana wa Kijerumani aliyejitolea mwaka mmoja katika shule ya jirani. Vijana wa kwao tumezoea kuwaona, Tanga ina udugu wa siku nyingi na mji wa Eckernförde. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Siku hiyo nilikuwa namjazia maombi kijana wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, mtoto wa mjane, tuna cheti cha kifo cha baba yake mezani kwa ajili ya mkopo. Mjerumani akamuuliza anataka kusoma nini, akajibu, "Nyumbani wanataka niwe daktari." Akamuuliza tena, "Lakini wewe, wewe unataka nini?" Kijana akarudia vilevile, safari hii taratibu, kama anayedhani hakusikika. Yule mgeni alibaki na huruma usoni. Baadaye aliniambia kwamba kwao swali hilo ndilo la kwanza, na mtoto asiyeweza kulijibu wanamhofia.

Namwelewa. Lakini mimi namjua kijana yule. Baba yake alikufa kwa figo na yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza kliniki. Waliposema nyumbani "daktari," walitaja kitu ambacho tayari kilikuwa ndani yake. Kuna uchunguzi wa mwaka 2003, wa Valery Chirkov, Richard Ryan na wenzao, waliowauliza wanafunzi wa Korea Kusini, Uturuki, Urusi na Marekani. Walitenganisha mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya: kuishi kwa kujitegemea, na kuwa na hiari. Mtu anaweza kufuata desturi ya kwao kwa hiari yake kabisa, na mtu anaweza kujifanyia yake peke yake kwa sababu tu jamii inamsukuma awe hivyo. Katika nchi zote nne, kilichoambatana na hali njema ni kama jambo limeingia moyoni, liwe la pamoja au la mtu mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani na wazazi wanaosimama nyuma ya benchi langu na kutaja kozi kabla mtoto hajafungua mdomo, na sikubaliani vilevile na anayedhani kwamba mtoto anayesema "nyumbani wanataka" amefungwa kamba. Unamjua tu ukimsikiliza. Neno lilelile, kwa kijana yule wa PCB, lilitoka kama mtu anayetaja jina lake. Kwangu mimi mwaka 2005 lilitoka kama mtu anayesoma bango.

Sasa kabla sijafungua mfumo wa maombi, nampa kila kijana nusu karatasi na kalamu, namwambia aandike vitu vitatu alivyovishikilia. Hakuna malipo ya ziada. Wapo wanaoona ni upuuzi, wapo wanaokaa nayo nusu saa. Mzazi akiwepo naye nampa yake. Baba mmoja wa Pongwe, mwenye ndevu nyeupe, aliomba nimwandikie kwa sababu macho yamechoka, akanitajia moja tu.

Jumamosi iliyopita alikuja binti wa CBG, yaani kemia, baiolojia na jiografia, mtoto wa mvuvi, anakaa kule karibu na soko la samaki la Deep Sea. Alikuwa na karatasi ya kaka yake imeandikwa: uuguzi, uuguzi, uuguzi, vyuo vitatu. Kwenye nusu karatasi yangu aliandika bahari, kisha mama, kisha akakata mama akaiandika tena juu. Tukakaa. Akaniuliza kama ni kweli kuna shahada ya uvuvi na ufugaji wa viumbe maji. Nikamwonyesha kwenye skrini, na sifa za kuingilia, na kwamba anazo. Akasoma kila mstari midomo ikicheza.

Akaniambia niiweke ya kwanza, uuguzi iwe ya pili. Nikaandika. Nikamuuliza kama nitume.

"Subiri kidogo, dada," akasema, na akaanza kutafuta simu kwenye mkoba. "Nimpigie mama kwanza. Nimsomee."